Misaada baada ya kimbunga: maswali tunayoulizwa kila mara Mtwara na Lindi

Naishi Mikindani na ni mtu wa kujitolea kwenye kata yetu. Nikiitwa naandika majina, nahesabu ndoo, nabeba magunia. Kila Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) inapotangaza mgandamizo mdogo wa hewa kwenye Bahari ya Hindi, simu yangu haipoi. Maswali ni yaleyale, ya watu wa hapa na ya ndugu zetu walioko Dar es Salaam wanaotaka kutuma chochote. Nimeyaandikia majibu hapa ili siku hiyo nami nipate nafasi ya kufunga madirisha yangu.

Vimbunga si mambo ya Msumbiji na Madagaska? Huku vinafika kweli?

Vinafika, ila kwa nadra, na nadra hiyo ndiyo inayotuponza. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952. Miaka 80 kabla ya hapo, Aprili 1872, kingine kiliiangukia Unguja kikang'oa mikarafuu na minazi. Karibuni vimekuwa vinafuatana: Kenneth Aprili 2019, Jobo Aprili 2021 (hiki kilififia baharini kabla ya kufika Dar es Salaam), Hidaya Mei 2024. Desemba 2024 Chido kiliivuruga Mayotte kisha kikaingia Cabo Delgado, kwa jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma.

Tunakingwa na mambo mawili. Karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuisokota hewa, ndiyo maana Tanga na Mombasa wanalala usingizi kuliko sisi tulioko nyuzi 10 kusini. La pili ni Madagaska yenyewe, inayopokea kifuani vingi vinavyotoka mashariki. Vya kuogopa ni vile vinavyopita juu ya ncha yake ya kaskazini, kwa kuwa mbele yake imebaki Komoro, Msumbiji na sisi. Msimu ni Novemba mpaka Aprili, na mara nyingine Mei. Ukiangalia tarehe za hapo juu utaona nyingi zimeangukia mwishoni, majira ya tanga mbili, upepo wa kaskazi umekufa na wa kusi haujashika.

Mwaka 2019 tulihamishwa Mtwara mjini na hakikuja kitu. Kwa nini tuamini tena?

Swali hili linanikera kwa sababu ni la haki. Alhamisi ya 25 Aprili 2019 shule na ofisi zilifungwa, watu wakaambiwa watoke maeneo ya pwani. Nilimbebea bibi yangu godoro kichwani mpaka juu ya kilima, yeye ananifuata na birika mkononi, ananisimanga njia nzima. Mvua ikanyesha, upepo ukapiga wa kawaida, tukarudi. Bibi hakunisemesha siku mbili.

Jioni hiyohiyo Kenneth kilitua Cabo Delgado, kati ya Pemba (mji wa Msumbiji, si kisiwa chetu) na Mocímboa da Praia, na upepo wa takriban kilomita 220 kwa saa. Kisiwa cha Ibo na Macomia vikabaki mapaa chini. Msumbiji peke yake walikufa watu zaidi ya 40. Kutoka Mtwara mjini mpaka kilipotua ni kama kilomita 200, na kitu chenyewe kina upana wa mamia ya kilomita. Jiwe likikupita sikioni huwezi kusema aliyekupigia kelele "inama!" ni mwongo.

Kikishapita, msaada unafika baada ya muda gani?

Jihesabie siku tatu za kuwa peke yako, na usishangae zikiwa tano. Hidaya kilipofika pwani tarehe 4 Mei 2024 kilikuwa kimeshapungua nguvu, tena kilitua Mafia, si kwetu. Hata hivyo mvua zake ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi upande wa Kilwa, Somanga na kwingine, magari yakalala pande zote mbili. Barabara ile ndiyo koo letu. Ikizibwa, imebaki kuzunguka kwa Makambako, Songea, Tunduru na Masasi, mwendo wa kumchosha hata dereva wa lori la mkaa. Au bandari ya Mtwara bahari ikitulia, au uwanja wa ndege.

Kwa hiyo atakayekutoa chini ya paa siku ya kwanza ni jirani mwenye panga, shoka na ngazi. Nilishawahi kuona mtaa mzima una mashoka mawili, yote ya mtu mmoja, naye amesafiri na kufuli liko mlangoni. Tangu hapo huwa nauliza mapema nani ana nini.

Jambo moja la kukumbuka upepo ukiwa bado: ukitulia ghafla na anga likawa jeupe katikati ya dhoruba, usitoke kuokota bati. Huenda ni jicho la kimbunga. Upepo utarudi kutoka upande mwingine, na kila kilicholegea mara ya kwanza kitaruka mara ya pili.

Nani hasa mwenye kauli ya misaada?

Kwa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, ziko kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa na wilaya mpaka kijiji au mtaa, na uratibu wa kitaifa uko Ofisi ya Waziri Mkuu. Kwa mwananchi wa kawaida mlango ni mwenyekiti wa kijiji au mtaa na mtendaji wake. Chama cha Msalaba Mwekundu na mashirika mengine hufanya kazi kupitia hapohapo. Mtu akija na gari lake anagawa vitu barabarani bila kupita kwa yeyote, atakuwa na nia njema, lakini nimeshaona mama mjamzito akisukumwa mtaroni kwa ajili ya mfuko wa mchele wa kilo mbili.

Ni vitu gani vinahitajika kwanza?

Maji safi, kitu cha kujifunika juu, na chombo cha kupikia. Watu wa mbali hutanguliza chakula, na si kosa, ila unga peke yake haushibishi mtu. Sufuria imesombwa, kuni zimelowa, mkaa umekuwa tope. Gunia la unga mbele ya familia isiyo na sufuria litakuwa mto wa kulalia. Vyakula vya siku mbili za mwanzo viwe vya kuliwa bila kupikwa: tende, biskuti, karanga, mkate ukipatikana. Madafu ya minazi iliyoanguka ni maji safi ndani ya chombo chake, mradi ganda halijapasuka.

Baada ya hapo: sabuni, ndoo zenye mifuniko, madumu, vyandarua (maji yaliyotuama yataleta mbu ndani ya wiki mbili), tochi, mahali pa kuchajia simu. Usicheke hilo la simu. Jenereta moja na waya wenye matundu kumi vimewahi kutuliza uwanja mzima kuliko chakula, maana kila mtu alikuwa anataka kujua kama mwanawe yuko hai.

Maji ni kiasi gani kwa mtu mmoja?

Kipimo kinachotumiwa na mashirika ya misaada duniani ni lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na kujisafisha. Familia ya watu sita ni lita 90, yaani madumu manne na nusu ya lita 20. Beba hesabu hiyo unapoambiwa "kijiji kimepelekewa boza moja". Boza la lita 10,000 ni la watu 666 kwa siku moja, basi.

Visima vyetu vya kienyeji vikifunikwa na mafuriko vihesabu kuwa vimeingia choo, hata maji yakionekana meupe. Chuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha chemsha mpaka yatokote sawasawa. Kama hakuna kuni, tumia vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi na usubiri nusu saa. Ukikosa vyote, chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, maji yaliyochujwa, juani kwa muda wa saa sita, na mawingu yakiwa mazito, siku mbili mfululizo.

Kwa watu wa Msimbati, Msanga Mkuu na pwani zote za chini: bahari ikiingia kisimani, kuchemsha hakutoi chumvi wala klorini haitoi. Maji hayo oshea vyombo, ya kunywa yatoke kwingine. Waambieni kamati mapema kwamba kisima kimeingia chumvi, maana mtu wa ofisini akiona kisima kimejaa hujaza kwenye fomu kwamba maji yapo.

Kipindupindu kinakuja lazima?

Si lazima, lakini hakisubiri sana. Kimbunga Idai kilitua karibu na Beira, Msumbiji, usiku wa 14 Machi 2019. Tarehe 27 mwezi huohuo kipindupindu kikathibitishwa, na wagonjwa wakapita 6,000. Mapema Aprili ilianza chanjo ya matone ya mdomoni, karibu dozi 900,000, vituo vya matibabu vikafunguliwa haraka, na waliokufa kwa ugonjwa huo hawakufika kumi. Mimi huwa nawatajia watu namba hizo mbili pamoja, 6,000 na chini ya kumi, wanaponiambia kipindupindu hakina dawa.

Mtu akianza kuharisha maji kama ya mchele, mpe maji ya chumvi na sukari hapohapo huku mnatafuta usafiri: lita moja ya maji salama, vijiko vya chai sita vya sukari visivyo vya kilima, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi isizidi. Kisha zahanati au kituo cha afya, usiku au mchana. Simu ya afya ni 199, haina malipo.

Choo ndicho kinachosahaulika. Kipimo ni tundu moja kwa watu 20, wanawake na wanaume mbalimbali, kufuli kwa ndani, taa usiku. Shule yenye matundu sita inaweza kupokea watu 120. Tumeshaona ilivyo: wanaingia mia tano, na siku ya tatu matundu yamejaa na watoto wanajisaidia nyuma ya madarasa.

Darasa moja linachukua watu wangapi?

Kila mtu anastahili angalau mita 3.5 za mraba za kulala. Darasa la mita saba kwa nane ni watu 16. Najua, hata mimi nilicheka.

Nikusanye nguo Dar nizilete?

Naomba usilete, isipokuwa umeombwa na umeambiwa za aina gani.

Nitakueleza nilichokiona. Baada ya mafuriko ya Hidaya niliitwa kusaidia kupanga marobota ya nguo yaliyochangwa na watu wema. Tulikuwa sita, tulitumia siku mbili na nusu. Robota la kwanza: makoti ya baridi, yale ya manyoya shingoni. La pili: viatu vya kike virefu, vingi mguu mmoja mmoja. Kulikuwa na joho la mahafali. Kulikuwa na suti ya harusi ya mtoto, imekunjwa vizuri na bado ina waridi la plastiki kifuani. Katika marobota yote nilihesabu khanga nne. Wakati huohuo akina mama walikuwa wamekaa nje, wamejifunga upande mmoja wa khanga, upande wa pili umefunikia mtoto. Mwishoni nguo zilizobaki zilirundikwa kwenye chumba ambacho kilihitajika kwa dawa, zikalowa, panya wakazalia.

Ukitaka kuvalisha mtu wa kusini leta doti za khanga, vitenge, misuli, shuka na mablanketi mepesi. Ongeza nguo za ndani mpya, saizi mbalimbali. Hizo hakuna aliyewahi kuzirudisha.

Je, bora nitume fedha au vitu?

Inategemea soko. Siku ya pili duka limefungwa, mnara wa simu umekufa, wakala hana floti wala mtandao. Hapo fedha haziliki. Siku ya kumi malori yanaingia, soko limerudi, na shilingi elfu hamsini mkononi mwa mama itanunua anachokosa yeye: mwingine misumari, mwingine madaftari ya shule, mwingine nauli ya kwenda hospitali ya Ligula kumwona mgonjwa. Kutoka hapo fedha ni bora, na zinamwingizia pesa muuza duka wa hapahapa badala ya kumuua kwa unga wa bure.

Ukituma kwa simu, tuma kwa mtu unayemjua au kwa namba iliyotangazwa rasmi na mkoa, wilaya au shirika lenyewe. Picha ya mtoto analia na namba ya simu chini yake, iliyosambazwa kwenye WhatsApp mara elfu, si tangazo rasmi. Picha nyingine zilizozunguka wakati wa Hidaya zilikuwa na mabango ya Kireno nyuma yake, yaani si za kwetu.

Maziwa ya kopo kwa watoto wachanga je?

Usilete kwa kugawa ovyo. Yanahitaji maji safi, chupa safi na mama aliyefundishwa kupima, na vyote hivyo ndivyo vilivyokosekana. Mama anayenyonyesha mpe chakula yeye na pembe ya kukaa kwa faragha. Mtoto asiye na mama au anayehitaji kopo kweli, mpeleke kwa mhudumu wa afya, atasimamia.

Jina langu halipo kwenye orodha. Nifanyeje?

Hapa ndipo kwenye mzizi wa mambo. Kelele zote nilizowahi kusikia kwenye ugawaji, tisa katika kumi ni za orodha. Vitu huwa haba, hilo watu wanaelewa. Wasichoelewa ni kwa nini fulani mwenye nyumba ya tofali amepata turubai.

Kwanza, usiende na hasira kwa anayegawa. Yeye amepewa karatasi. Nenda kwa mwenyekiti, mwambie akuonyeshe orodha, na kama haijabandikwa ukutani dai ibandikwe. Orodha iliyobandikwa mbao za matangazo siku moja kabla ya ugawaji humaliza nusu ya ugomvi, kwa kuwa majina hewa huonwa na majirani. Ambaye hayumo aandikwe kwenye karatasi ya pili, ihakikiwe na watu watatu wa mtaa huo, wakiwemo wanawake.

Pili, na hili nawaambia waandikaji wenzangu: kaya si nyumba. Nyumba moja ya Shangani inaweza kuwa na wapangaji wanne, na mwenye nyumba akaandikwa yeye tu. Mwanamume mwenye wake wawili ana kaya mbili, vyungu viwili, na ukiandika jina lake mara moja mke wa pili atalala njaa na hatasema. Wavuvi walioko dago, kambi ya uvuvi mbali na kwao, hawana mwenyekiti anayewajua. Kambi yao ilikuwa mchangani na sasa haipo, na kwenye daftari la kijiji hawajawahi kuwepo. Vibarua waliokuja kwa kilimo, wakiwemo ndugu wa ng'ambo ya Ruvuma, vivyo hivyo. Na kizee asiyesikia, anayekaa peke yake nyuma ya msikiti, huandikwa tu kama kuna mtu wa jirani yake kwenye meza.

Mwaka mmoja nilimruka mtu kwa uzembe wangu. Alikuwa haongei Kiswahili vizuri, mimi Kimakonde changu ni cha kuombea maji, na foleni ilikuwa inasukuma. Nikaandika "atarudi". Hakurudi. Nilimkuta wiki ya pili ameezeka kwa gunia la mbolea. Siku hizi siketi mezani bila mtu anayejua Kimakonde au Kimwera pembeni yangu.

Nimeombwa kitu ili niandikwe. Je, ni kawaida?

Hapana. Msaada haulipiwi, si kwa fedha, si kwa kuku, na si kwa mwili. Anayemwambia binti "njoo jioni uchukue kadi" anatenda kosa la jinai. TAKUKURU, wanaopambana na rushwa, ni 113, polisi 112, na mtoto anaweza kupiga 116 mwenyewe. Kama unaogopa kuonekana, mwambie muuguzi, hawezi kukutangaza.

Turubai moja, familia ya watu saba. Inatosha?

Turubai la kawaida la misaada ni mita nne kwa sita. Ukilitandika vizuri linatosha kwa muda, ukilitupa juu ya miti mitatu litakuwa kitambaa ndani ya mwezi. Tumia boriti za katikati zilizo juu ili maji yateremke, pande ziingie ardhini na kufukiwa, na usipigilie msumari moja kwa moja kwenye turubai: weka kipande cha kandambili kuukuu au kizibo cha soda kati ya msumari na turubai. Chimba mfereji kuzunguka.

Binafsi naona mahema yanapewa sifa zisizo zao. Huku kwetu mchana ndani ya hema ni tanuri. Mpe mtu turubai, kamba, kilo tatu za misumari na panga, naye ana minazi kumi imelala shambani: makuti atasuka, fito atakata, ndani ya wiki yuko chini ya kivuli alichokijenga mwenyewe. Bati zilizoruka okoteni, zinyoosheni, wekeni alama za mtaa, maana bati halina jina na ugomvi wake ni mbaya.

Nina dawa ninazokunywa kila siku. Zimepotea.

Nenda kituo chochote cha afya kilicho wazi, si lazima kile ulichojiandikisha. Dawa za VVU, kifua kikuu, kisukari, presha na kifafa hazipaswi kukatika. Kama una kadi nenda nayo, kama imesombwa nenda hivyohivyo. Mjamzito vilevile, na ajue mapema ni kituo gani kina mkunga baada ya tufani, kwa sababu uchungu hausubiri barabara ifunguliwe. Kwa wachangaji: taulo za kike na sabuni ni sehemu ya mahitaji ya kwanza. Nimechoka kuwaona wanaume wa kamati wakizisogeza pembeni ya stoo kwa aibu.

Maiti wasipozikwa upesi wataleta maradhi?

Waliokufa kwa upepo, kuta au maji hawaleti mlipuko wa magonjwa. Haraka ya kuwafukia kwa pamoja bila kutambuliwa huacha familia bila kaburi la kuzuru. Mpigeni picha kila aliyekufa, andikeni alama, nguo na alipookotwa, kisha azikwe kwa heshima ya dini yake. Sanda ni hitaji la msaada kama mengine, na wachache hukumbuka kuichangia. Aliyekufa kwa kipindupindu ni shauri lingine: asioshwe mpaka wahudumu wa afya wafike.

Shamba la muhogo limejaa maji. Ung'olewe au usubiri?

Ung'oe. Muhogo kwenye maji yaliyotuama huoza ardhini ndani ya siku chache. Lakini nina onyo, na naomba lisomwe polepole. Muhogo mchungu una sumu, na sumu hiyo hutoka kwa kulowekwa au kuanikwa kwa muda wake. Njaa ikibana, watu hufupisha: makopa yanayotaka siku nyingi juani yanatwangwa baada ya siku mbili. Mkoa wa Mtwara umeshaona matokeo yake, ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu na hauponi. Huwapata zaidi watoto na wanawake, na huja wakati wa ukame au shida, wakati mtu anakula ugali wa muhogo mtupu bila dagaa wala kunde. Kwa hiyo ukiulizwa na mashirika kijiji kinataka chakula gani, taja maharage, kunde, dagaa na mafuta pamoja na unga. Unga mweupe peke yake hauondoi hatari hiyo.

Mkorosho uliolala lakini mizizi imeshika usiufyeke. Punguza matawi mazito, egemeza, kisiki cha mkorosho huchipua. Mche mpya utakuweka kama miaka mitatu bila mavuno ya maana. Kimbunga cha Aprili kinakuja nafaka ikiwa shambani na pesa za korosho zikiwa mbali, Oktoba huko, ndiyo maana mbegu za muda mfupi zinatakiwa zifike pamoja na chakula. Zikichelewa, watu watakula mbegu.

Sisi wavuvi tumepoteza ngalawa na nyavu. Kuna msaada?

Upo, ila huja mwisho na huja kidogo, kwa kuwa ngalawa si ya kuokoa maisha kwenye vitabu vya mashirika. Mimi nabishana nao kila mara: fundi mwenye msumeno na mbao akitengeneza vyombo vitano vya ubia, soko la samaki la mji mzima linafunguka. Andikisheni hasara mapema, pigeni picha hata ya kipande cha ngama (sehemu ya chini ya chombo), na mtaje chombo kilikuwa cha watu wangapi. Nyavu za misaada zikija zenye matundu madogo yasiyoruhusiwa, zirudisheni. Mtakamatwa nazo nyie, hatakamatwa aliyezileta.

Msaada ukisimama, nyumba yangu bado haijaezekwa. Nani anamalizia?

Mara nyingi wewe mwenyewe na vikundi vyenu. Chakula cha dharura hugawiwa wiki kadhaa, ujenzi huchukua mwaka na zaidi. Wanaofanikiwa nimeona ni wale waliojipanga kwa zamu, nyumba tano tano, leo kwako kesho kwangu, wakianza na ya mjane.

Naweza kwenda na mbuzi wangu kwenye kituo cha kujihifadhi?

Ndani ya darasa, hapana. Nje, kama kituo kina uzio, ombeni eneo la mifugo mbali na maji na vyoo. Waulizeni kabla ya msimu, maana nimeona mzee akigoma kuhama kwa ajili ya mbuzi watatu, na tulipomwambia aje nao alikuwa wa kwanza kufika, mbuzi wamefungwa kamba moja, bibi yake nyuma amebeba jogoo kwapani.